Saba Iliyosimama Kichwa Chini

Ni mwizi gani aibaye ubongo wa mashine na kuuacha mwili wake, kisha, kabla ya kwenda zake, akazikunja nyaya moja baada ya nyingine kama mama anayekunja nguo za mtoto?

Inspekta alijiuliza swali hilo Jumatatu saa mbili asubuhi, akiwa amepiga magoti mbele ya kabati la chuma mwishoni mwa chumba cha eksirei. Miaka kumi na tisa ya upelelezi ilikuwa imemwonyesha wezi wa kila namna: wenye pupa, waoga, hata waliokula kiporo cha mwenye nyumba kabla ya kuondoka. Mwizi mwenye adabu alikuwa hajamwona bado.

Kabati lilikuwa na rafu sita. Tano zilijaa vyombo. Ya tatu ilikuwa tupu, na vumbi lake limepanguswa. Nyaya nne zilizobaki zilikunjwa kwa umbo la nane, kila mmoja umefungwa kiunoni kwa utepe wa kitambaa cha kijani.

"Skrini mbili mpya hazikuguswa," Sajini alisema huku akiandika. "Printa haikuguswa. Hata simu iliyosahauliwa mezani haikuguswa. Afande, huyu si mwizi. Huyu ni mgeni aliyekuja kufanya usafi."

"Usicheke. Andika."

"Naandika huku nacheka."

Mganga mkuu wa hospitali alisimama mlangoni. Koti lake jeupe lilifungwa vifungo hadi shingoni, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kimeibwa nini, Daktari?" Inspekta aliuliza.

"Msomaji."

Hilo ndilo jina waliloipa programu yao ya kompyuta. Alikaa ndani ya sanduku lisilozidi boksi la viatu. Ukimpa picha ya kifua cha mgonjwa, aliisoma kwa sekunde nne, kisha akampanga mgonjwa kwenye foleni: nani aonwe sasa hivi, nani anaweza kusubiri. Alikuwa amefundishwa kwa picha laki mbili zilizopigwa hospitalini hapo katika muda wa miaka ishirini, pamoja na uamuzi wa madaktari juu ya kila picha.

"Zahanati arobaini zinatutegemea," mganga mkuu alisema. "Hakuna hata moja yenye daktari wa kusoma picha. Daktari huyo ni mmoja tu, naye ndiye mimi, na ninalala saa nne kwa siku. Alhamisi tungemzindua Msomaji. Kuanzia siku hiyo kila zahanati ingekuwa na jicho kama langu. Unaelewa nimeibiwa nini, Inspekta?"

Inspekta alielewa. Mama yake mwenyewe aliwahi kukaa siku tatu kitandani na bahasha ya picha mkononi, akisubiri mtu wa kuisoma. Kwamba watu wa kawaida, katika chumba hiki chenye kiyoyozi kinachokohoa, walikuwa wametengeneza kitu cha kuondoa mateso ya namna ile, lilikuwa jambo la kuvuliwa kofia.

"Nakala hamna?"

"Ilikuwapo moja, kwenye kompyuta ya idara. Imefutwa jana, saa nane na dakika ishirini mchana."

"Nywila ilijulikana na nani?"

Mganga mkuu alitazama dari. Sajini aliinua kibodi, akatoa kikaratasi chini yake, akasoma kwa sauti: "Hospitali, moja, mbili, tatu." Akakirudisha mahali pake. "Afande, hii hata bibi yangu anaijua."

Ufunguo wa chumba ulining'inia kwenye msumari katika meza ya wauguzi. Kabati lilinukia spiriti, wala mtaalamu wa alama za vidole hakuambulia kitu. Walinzi wa lango waliapa: tangu mashuka yalipoibwa mwaka uliopita, kila mfuko unaotoka hufunguliwa, na Jumapili hakuna sanduku lililopita.

"Kisichotoka bado kimo," Inspekta alisema.

Kabla ya kuinuka, alimulika tochi chini ya kabati. Kitu kikang'aa. Alikitoa kwa kibanio: kipande cha madini ya kijivu, kidogo kama ukucha, kizito kuliko umbo lake, kilichochongwa kwa umbo la tarakimu saba.

*

Fundi wa eksirei wa zamu alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ndogo. Alipokiona kile kipande, alitabasamu kama aliyekutana na jamaa.

"Hii ni risasi."

Sajini alirudi nyuma hatua moja.

"Risasi ya madini, Sajini, si ya bunduki."

"Nilijua," Sajini alisema.

"Miale haipenyi risasi," fundi aliendelea. "Ukiiweka begani kwa mgonjwa kabla ya kupiga, tarakimu inatokea nyeupe pembeni mwa picha. Kila fundi ana yake. Yangu ni kumi na mbili. Picha ikiharibika, inajulikana nani wa kuulizwa."

"Na saba?"

"Saba ni Mzee Risasi. Amestaafu miezi mitatu iliyopita. Kwa miaka ishirini, picha tisa kati ya kumi hapa zilipigwa kwa mkono wake. Hilo jina tumempa sisi. Alikuwa anaipangusa hiyo saba kama pete ya ndoa."

"Alifurahi kustaafu?"

Fundi alisita. "Nani anafurahi kufunga mlango aliouzoea? Lakini hakuwa na kinyongo, kama hilo ndilo unalolitafuta."

Inspekta alitoa utepe wa kijani kutoka kwenye mfuko wa vielelezo. Ulikuwa umepindwa kingo zote mbili kwa mishono midogo iliyonyooka kama mstari wa rula. Mtu alikuwa ametumia muda wake kuurembesha utepe wa kufungia waya.

Muuguzi mkuu aliyekuwa akipita aliuona, akasimama.

"Huo ni wa fundi wetu," alisema. "Fundi cherehani. Alikuwa anashona mashuka ya chumba cha upasuaji. Mabaki hakuyatupa kamwe. Alitupatia sisi tufungie vitu, na kila kipande akakipinda kingo. Nilimwambia, 'Dada, utepe wa waya unaupinda wa nini?' Akasema, 'Kisichopindwa hufumuka.'"

"Ninaweza kumwona?"

Muuguzi alitazama chini.

"Alifariki. Wiki tano sasa."

"Wapi?"

"Hapa hapa," muuguzi alisema, akaonyesha kwa kidevu benchi la mbao lililo nje ya mlango wa eksirei. "Alikuja saa mbili asubuhi anakohoa, tukampiga picha. Foleni ilikuwa ya watu thelathini na mmoja, na Msomaji, aliyekuwa kwenye majaribio, alimweka yeye wa thelathini na moja. Ilipofika saa tisa, nikamletea maji. Nilidhani amelala."

Inspekta alilisogelea benchi. Juu ya mbao zake zilizochakaa kulikuwa na mto mwembamba wa kijani, nao umepindwa kingo.

*

Siku ya Jumanne walimkuta Mzee Risasi sebuleni kwake, feni iliyofumuliwa ikiwa mbele yake mezani, skrubu zake zimepangwa kwa ukubwa. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye mikono mirefu isiyotetemeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni vitini. Nimewangoja tangu jana."

"Kwa nini ulitungoja?"

"Kwa sababu nimeiba mimi. Leteni karatasi nitie saini, tusipotezeane muda."

Sajini alimtazama Inspekta. Inspekta aliketi taratibu.

"Uliingiaje?"

"Kwa ufunguo wa kwenye msumari."

"Siku gani?"

"Jumapili, baada ya chakula cha mchana."

"Nakala uliifutaje?"

"Kwa kompyuta."

"Kwa kufanya nini?"

"Nilibonyeza pale pa kufutia."

"Nyaya ulizikatia nini, mzee?"

"Haraka, mwanangu. Nilitoa kisu nikakata zote."

Inspekta alifunga daftari lake.

"Mzee wangu, nyaya hazikukatwa."

Skrubu moja ilibiringika, ikaanguka sakafuni. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka jikoni.

"Nilikwambia. Miaka thelathini na minne hujaweza kunidanganya hata mimi ninayekupenda, utawaweza polisi?"

"Mama, nyamaza."

"Sinyamazi." Mkewe alitokea na birika mkononi, akamkabili Inspekta. "Yule binti wa mashine amekuja hapa mara tatu. Mara ya mwisho alilia mpaka chai ikapoa. Huyu baba tangu siku hiyo halali, anasema kosa ni lake, kosa ni lake. Kosa gani, hasemi."

"Binti wa mashine ni yule mhandisi aliyemtengeneza Msomaji?"

"Ndiye."

Mzee Risasi aliinama, akaokota skrubu, akairudisha mahali pake katika mstari.

"Umri wangu ni sitini na mbili," alisema polepole. "Nikifungwa, dunia inapungukiwa na mtu wa kutengeneza feni. Akifungwa yeye, inapungukiwa na mengi. Hesabu rahisi hiyo, mwanangu. Na kweli, kosa lilianzia mkononi mwangu."

"Hii ya kwako?" Inspekta alifungua kiganja. Ile saba ilikuwa humo, ndani ya mfuko wake wa plastiki.

Mzee aliitazama, kisha akarudi kwenye skrubu zake.

Njiani kurudi kituoni Sajini alipunguza mwendo. Akasema, "Afande, miaka yote nimekamata watu wanaokimbia kosa. Huyu analikimbilia."

*

Mhandisi aliletwa chumba cha mahojiano Jumatano asubuhi. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, miwani mikubwa, viatu vya raba. Kwa miaka minne alikuwa amemtengeneza Msomaji, na wenzake walisema alikuwa akimwaga kwaheri kila jioni kabla ya kuzima taa. Inspekta alimsomea onyo la kisheria, akawasha kinasa sauti.

"Jumapili saa nane mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Mzee Risasi unamjua?"

"Nani asiyemjua."

"Umekwenda kwake mara tatu. Kufanya nini?"

"Alikuwa ananifundisha."

"Kutengeneza feni?"

"Kuona."

Betri ya kinasa ilianza kuisha. Sajini alichomoa waya kutoka kwenye droo, waya uliosokotana kama utumbo, akahangaika nao. Mhandisi aliunyoosha mkono, akauchukua waya, akauchomeka. Ulibaki mrefu mno. Vidole vyake vikaanza kuukunja uliozidi, huku anaitazama meza: kushoto, kulia, kushoto, kulia, umbo la nane. Alipomaliza, mkono wake wa kuume uliingia mfukoni kutafuta kitu cha kufungia.

Haukupata. Ukabaki humo humo.

Wote watatu walikuwa wameuona mkono huo.

"Tepe zimekwisha?" Inspekta aliuliza kwa upole.

Mhandisi aliutoa mkono mfukoni, mtupu.

"Mzee Risasi amekiri," Inspekta alisema.

"Amekiri nini?"

"Kila kitu. Ameomba karatasi atie saini. Anasema alizikata nyaya kwa kisu."

"Yule hawezi kukata..." Mhandisi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena, na alipoinua uso alikuwa kama mtu aliyetua mzigo mlangoni. "Mwacheni mzee aende zake. Nimechukua mimi. Nakala nimefuta mimi. Sanduku limo chumba cha ushonaji, chini ya meza ya cherehani, ndani ya rundo la mashuka. Nililiweka pale kwa sababu hakuna anayeingia tena. Na kwa sababu nilidhani lingekaa salama kwa fundi cherehani."

Inspekta alimpa ishara Sajini, naye akatoka. Nusu saa baadaye alipiga simu: sanduku limepatikana, limefungwa ndani ya shuka la kijani, halina hata mkwaruzo.

"Ulimtengeneza kwa miaka minne," Inspekta alisema. "Siku nne kabla ya sherehe yake, ukamwiba. Nieleze."

"Baada ya msiba nilirudi kwenye picha yake," mhandisi alianza. "Fundi cherehani alikuwa rafiki yangu. Pafu la kushoto lilikuwa limejaa maji, afande. Hata wewe ungeliona. Msomaji akamweka wa mwisho. Nikajiuliza, mtu niliyemfundisha kwa picha laki mbili ameshindwaje kuona kitu kama hicho? Nikatafuta wiki nzima. Halafu nikagundua kwamba tangu Mzee Risasi astaafu, Msomaji hakuwa amemwita mgonjwa yeyote wa haraka kwa ule uhakika wake wa zamani. Alikuwa amepofuka na hakuna aliyejua. Nikaenda kumuuliza mzee: ulikuwa unafanya nini usichotuambia?"

"Akasema?"

"Alicheka kwanza. Kisha akanieleza." Mhandisi alivuta pumzi. "Fundi wa eksirei haruhusiwi kutoa majibu. Anapiga picha, basi. Zamani aliwahi kumwambia daktari, 'Huyu hali yake mbaya, mwangalie haraka,' akapewa onyo la maandishi kwamba anajifanya daktari. Lakini angefanyaje? Mtu ameona mapafu kila siku kwa miaka ishirini, akunje mikono? Basi akapatana na daktari mmoja wa zamu wa wakati huo, jambo la siri. Picha ya kawaida, saba inawekwa wima. Mgonjwa akimtia wasiwasi, anaiweka saba kichwa chini. Daktari akiiona, anaanza na huyo. Wale waliofuata waliambiana mdomo kwa mdomo. Haikuandikwa popote, na wakubwa hawakuambiwa."

Inspekta aliiweka kalamu mezani.

"Na Msomaji akajifunza..."

"Akajifunza saba. Hakuangalia mapafu kwa sababu hakuhitaji. Jibu lilikuwa limeandikwa pembeni, kwa mkono wa mzee, picha baada ya picha. Siri ya mtungi aijuaye kata, afande. Mimi niliupima mtungi kwa rula na kata sikuiuliza. Tulikusanya picha, tukakusanya maamuzi ya madaktari. Aliyeshika saba tulimpita ukumbini tukimsalimia. Kila aliyeokolewa na Msomaji wakati wa majaribio aliokolewa na Mzee Risasi, na sisi tukampigia makofi Msomaji."

"Na ile saba tuliyoiokota?"

"Alinipa yeye, nifanyie jaribio. Ilinidondoka. Niliitafuta sana."

"Ulimwambia mganga mkuu?"

"Ijumaa. Alisema wageni wamealikwa, zahanati zinangoja, tutarekebisha baada ya uzinduzi. Hakunisikia, afande, amechoka. Zahanati arobaini, mafundi arobaini, na hakuna hata mmoja mwenye saba. Benchi moja limeua rafiki yangu. Nikayahesabu mabenchi mengine."

"Kwa nini hukumharibu kabisa?"

"Hana hatia. Alijibu swali tulilomuuliza. Anaweza kufundishwa upya, na safari hii mzee akikaa kando yangu ataona kweli. Nilitaka tu asitoke nje kabla hajaona."

Inspekta alizima kinasa sauti. Katika chumba hicho alikuwa amesikia visingizio vya kila rangi. Leo alikuwa amesikia mtu aliyekificha kitu alichokijenga mwenyewe, ili kisimdhuru asiyemjua. Alitamani kumwambia jambo fulani, lakini onyo la kisheria lilikuwa mezani kati yao, na kazi ilikuwa kazi.

"Utatia saini maelezo yako," alisema. "Halafu nitakuomba muda wa saa moja. Nami nitahitaji kupigwa picha."

*

Alasiri hiyo watu walikusanyika ofisini kwa mganga mkuu: yeye mwenyewe, muuguzi mkuu, fundi wa eksirei, Mzee Risasi aliyeitwa kutoka nyumbani na mkewe aliyekataa kubaki, mhandisi kando ya Sajini. Sanduku lilikuwa juu ya meza, likiwa na lakiri ya polisi. Mtaalamu wa kompyuta wa idara ya upelelezi alikuwa amelinakili kwa ajili ya uchunguzi, na nakala hiyo aliiwasha kwenye kompyuta yake mbele ya mashahidi.

"Alhamdulillahi," mganga mkuu alisema, akiligusa sanduku kwa ncha za vidole. "Inspekta, sijui nikushukuru vipi. Kesho tunaweza kuendelea."

"Kabla ya kesho, Daktari, nisomee hiki kifua."

Aliinua picha dirishani. Mganga mkuu hakuhitaji sekunde nne.

"Kizima kabisa. Cha mtu anayetembea sana. Cha nani?"

"Changu. Nimepigwa leo saa sita mchana, mara mbili, sikubadili chochote isipokuwa kitu kimoja. Mtaalamu, weka ya kwanza, pamoja na picha thelathini za foleni ya leo."

Skrini ilihesabu. Inspekta alikuwa wa ishirini na nane.

"Weka ya pili."

Picha ilikuwa ile ile: mbavu zile zile, moyo ule ule. Begani tu, saba nyeupe ilikuwa imesimama kichwa chini.

Skrini ilihesabu. Inspekta akawa wa kwanza. Chini ya namba yake maandishi mekundu yalitaka aonwe mara moja.

"Nimekuwa mahututi," Inspekta alisema, "kwa kugeuziwa kipande cha risasi."

Muuguzi mkuu alifunika mdomo kwa kiganja.

"Sasa hii." Picha ya tatu hakuieleza. Haikuhitaji maelezo: pafu la kushoto lilikuwa jeupe tangu chini hadi katikati, na pembeni palikuwa na kumi na mbili, wima. Wa thelathini na moja kati ya thelathini na mmoja.

Mganga mkuu aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, si chake.

"Ijumaa uliniambia," alimwambia mhandisi, hali hamtazami. "Ulikuja na makaratasi. Nilikuwa nasaini barua za mwaliko." Alijipangusa uso. "Ripoti zilisema wagonjwa wa haraka wamepungua kwa nusu. Miaka ishirini nasubiri kusikia sentensi hiyo. Sikuuliza wamekwenda wapi. Nilifurahi tu."

"Kosa ni langu, Daktari," Mzee Risasi alisema. "Ningesema."

"Ungemwambia nani, na kila ulipofungua mdomo uliandikiwa barua?" mkewe alidakia.

"Hakuna aliyeniuliza," mzee alikubali kwa sauti ya chini. "Waliuliza picha ziko kabati gani. Nikawaonyesha kabati."

Mhandisi alikuwa amemgeukia. "Mzee, saba zako zimeokoa watu wangapi?"

"Sikuhesabu, mwanangu. Nilikuwa nageuza tu."

Inspekta alimtazama mtu huyo mwembamba, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa amekatazwa kusema, akasema kwa kipande cha madini kisichozidi ukucha, bila shukrani wala jina. Akamtazama na binti aliyekuwa radhi kulala rumande ili ukweli huo usikike. Alifikiri kwamba mashine yoyote itakayojengwa na watu wa namna hii, ikipewa muda na ikiulizwa vizuri, itakuja kuwa kitu cha kutukuka.

Mganga mkuu aliinua kichwa. "Inspekta, wageni wanafika kesho saa nne. Niwaambie nini? Sanduku ni mali ya hospitali. Limepatikana. Wakubwa wataniuliza kwa nini nisilichukue."

Inspekta alisimama, akavaa kofia yake, akalichukua sanduku na kuliweka chini ya kwapa.

"Waambie hivi," alisema, akihakikisha kila mmoja chumbani anamsikia. "Sanduku hili ni kielelezo cha kesi ya jinai, na litakaa stoo ya vielelezo kituoni mpaka hakimu atakapoamua. Nakala ya uchunguzi nayo haitoki mikononi mwa polisi. Kesho hakuna uzinduzi. Kifo cha fundi cherehani nakifungulia jalada leo jioni, na Mzee Risasi atatoa maelezo yake kama shahidi, yote, mpaka ile barua ya onyo. Mhandisi amevunja sheria, amekiri, na kesho asubuhi nitamfikisha mahakamani. Nami nitapanda kizimbani kama shahidi wa kwanza, nimweleze hakimu kwa nini alifanya hivyo, na picha za kifua changu nitakuwa nazo mkononi."